Plazma ya Cheche

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Cheche, kwanza kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma, pili kwa sababu alikuwa mtu wa kuwaka haraka na kuzimika haraka. Mageti mengi ya mtaa ule yalitoka mikononi mwake. Karakana yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, na ukipita asubuhi ungemkuta amechuchumaa, kofia ya kuchomelea ameisukumia juu ya paji la uso, anataniana na mteja aliyekuja kuulizia dirisha lililopaswa kuwa tayari tangu wiki iliyopita.

Ujanani alikuwa kipa wa timu ya mafundi. Aliacha kudaka, hakuacha kupiga kelele. Mechi ikioneshwa, majirani wasio na televisheni walijua matokeo kwa kumsikiliza Cheche tu.

Mkewe alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke wa maneno machache ambaye mikono yake ilishachubuka kwa sabuni. Katika mpira aliona jambo moja tu la kumhusu: nani atazifua zile jezi. Walikuwa na binti mmoja, mwalimu, aliyeolewa mji mwingine.

Mambo yalianza na televisheni yao ya zamani, ile yenye kisogo kirefu. Cheche akaanza kuilalamikia.

"Hii imechoka, mama. Mpira wenyewe hauonekani."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akainua macho. Mpira aliuona, mweupe, uko miguuni mwa mtu. Akadhani mzee anatafuta kisingizio cha kununua kitu kipya, maana wanaume ndivyo walivyo, akaendelea kukunja.

Kisingizio kikadumu miezi. Mwishowe mkewe akakubali waende dukani.

Duka lilikuwa na ukuta mzima wa televisheni, zote zimewashwa, zote zinaonesha samaki yuleyule anayeogelea. Muuzaji, kijana mwenye tai na maneno mengi, akawaeleza kwamba hizi nyembamba ni nyepesi na hazili umeme sana, lakini ile kubwa ya mwisho ni plazma, HD kamili.

"Tazama weusi wake, mzee. Nyingine zote weusi wao ni kijivu. Hii giza lake ni giza kweli. Na mpira ukipigwa hauachi mkia nyuma yake."

"Basi niwekee mpira," Cheche akasema. "Samaki sili kwa macho."

Muuzaji akacheka, akaweka mechi. Cheche akasimama mbele ya kioo, karibu kabisa, uso unang'aa kwa ule mwanga wa kijani cha uwanja. Kisha akaanza kurudi nyuma. Hatua moja, anasimama, anakodoa. Hatua nyingine, anasimama. Akageuza kichwa kidogo upande, kama kuku anayekagua punje. Alipofika kwenye mashine za kufulia akasimama kabisa, akasogea mbele tena kidogo, akakanyaga pale kwa kisigino kama mtu anayeweka alama.

Mkewe alikuwa amesimama pembeni, mkoba kifuani. Pale pale akaelewa. Mume wake hakuwa akipima televisheni. Alikuwa akipima macho yake.

Alifanya kazi hospitali. Kila siku alipita mbele ya benchi la kliniki ya macho na kuwaona watu waliokaa pale, wengine wameshikwa mkono na watoto wao. Neno lilimfika kwenye ulimi. Cheche akageuka, ametabasamu kama mtu aliyepona.

"Hii naiona, mama. Hii naiona vizuri."

"Basi tuchukue hii," mkewe akasema.

Ilibebwa na wanaume wanne, maana ilikuwa nzito kama kabati la sahani. Ukuta wa sebule usingeistahimili kwa misumari, hivyo Cheche akatengeneza fremu ya chuma, imara kiasi cha kubeba ng'ombe. Lakini mkewe alipopitisha kidole kwenye mishono ya kuchomelea aliikuta imepindapinda, imevimba hapa, imeacha nafasi pale. Cheche aliyekuwa akiwafukuza vibarua kwa mshono mmoja mbaya hakusema kitu. Mkewe naye akafunika fremu ile kwa kitambaa cha kufuma.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya furaha, lazima isemwe. Siku za mechi sebule ilijaa. Kinyozi wa jirani alikuja na stuli yake mwenyewe. Plazma ilikuwa na joto lake. Ikiwaka kipindi kizima chumba kilipata moto, watu wakifungua vifungo vya mashati, na Cheche akasema hiyo ndiyo raha yake, unaangalia mechi na jasho la wachezaji linakutoka wewe. Nembo ya stesheni ya mpira ikajichora kwenye pembe ya kioo, haikutoka tena, hata ikiwekwa taarifa ya habari.

Ila kiti chake kilikuwa kinasogea. Kwanza kilitoka ukutani. Kisha kikapita meza. Kisha watu wakaanza kumwambia, "Kaka Cheche, unatuzibia," naye akageuza maneno kuwa mzaha, kwamba kipa lazima awe karibu na goli. Mwishowe akawa anakaa mbele kabisa, magoti yanakaribia kioo, na wageni wakapungua bila mtu kuwafukuza.

Karakanani alichomelea geti la mteja bawaba zikiwa juu chini. Wiki iliyofuata akaunguza kiganja. Hapo ndipo mkewe alipofunga banda kwa kufuli, akamshika mkono, akampeleka kwenye lile benchi.

Daktari alikuwa mpole. Akasema ni presha ya macho, imekula mshipa polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ingelinda kilichobaki, lakini kilichobaki kilikuwa kidogo. Mngekuja mapema, akasema, na hakumalizia.

Binti akaja alipopata habari. Alisimama katikati ya sebule, akaitazama plazma, akawatazama wazazi wake.

"Mama, kliniki iko pale pale unapofanya kazi. Mkaacha kwenda, mkanunua televisheni?"

"Usimsemeshe mama yako hivyo," Cheche akasema.

"Nakuuliza na wewe, baba."

"Mimi niliogopa. Kwenda kwa daktari ni kuambiwa. Nilitaka kuona kwanza, hata kidogo." Akamgeukia mkewe, ingawa alikosea kidogo upande. "Wewe hukujua, mama. Nilikuficha."

Mkewe alikuwa ameketi, mikono mapajani.

"Nilijua siku ileile dukani," akasema. "Ulivyofurahi, nikashindwa."

Binti akaenda jikoni, wakamsikia akilia huku amefungulia maji.

Giza lilipokamilika, binti alishauri wauze kile kidude, baba anunuliwe redio. Cheche akakataa. Alipenda joto lake usoni, alisema. Akiwa mbele yake alijua iko wapi, na yeye yuko wapi. Na mkewe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kujua kona wala penalti, akavuta kiti karibu yake akaanza kumsimulia.

Alisimulia vibaya sana mwanzoni.

"Yule mrefu ameupata. Ameupiga. Umeenda."

"Umeenda wapi?"

"Kule."

"Kule wapi, mama, upande gani?"

"Upande wa wale wanaokasirika."

Cheche alicheka mpaka akakohoa. Baadaye mkewe akajifunza. Akajua ofsaidi, ambayo aliieleza kuwa ni mtu aliyetangulia kwenye sherehe kabla mwenyeji hajafika. Akajua wachezaji kwa mwendo wao. Aliona vitu ambavyo hakuna mtangazaji anayevitaja: huyu amefunga kamba za viatu mara mbili, ana wasiwasi, yule kocha leo shati lake halijapigwa pasi, huenda kagombana nyumbani. Cheche alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono wake juu ya goti la mkewe, na kwenye goli aliubana.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia.

Aliyetangulia akawa yeye, mkewe. Alirudi kutoka kazini mchana mmoja akisema kifua kimembana, akajilaza, na hospitali ile aliyoifulia mashuka haikuweza kumsaidia. Baada ya maziko, binti alikaa na baba yake. Jumamosi akawasha plazma, akavuta kiti cha mama yake, akajaribu.

"Namba saba anao, baba. Anampa namba kumi. Namba kumi anarudisha nyuma."

Alisimulia sawasawa, kama mwalimu anavyosoma kwa darasa. Cheche alivumilia dakika chache, kisha akanyoosha mkono hewani mpaka akakishika kioo, akapapasa pembeni kutafuta kitufe.

"Asante, mwanangu. Izime tu."

Nyumba ikapangishwa, Cheche akahamia kwa binti yake. Plazma alipewa kinyozi. Wanaume waliofika kuibeba walikuwa wengi, na bado waliilalamikia.

Chumba alichopewa kwa binti kilikuwa kidogo, kinanukia rangi mpya. Alikaa ukingoni mwa kitanda, fimbo katikati ya magoti, akisikiliza sauti za nyumba asiyoijua: mlango, sufuria, maji yanayokwenda mahali.

"Baba, nikuletee redio?"

"Si leo." Akainuka kwa kuegemea fimbo. "Niambie kwanza, dirisha liko upande gani?"

Binti akamshika mkono, wakapita pamoja kando ya ukuta, taratibu, mpaka akaweka vidole vya baba yake juu ya nondo za dirisha.