Siku Maji Yalipougua Kiwele

Kosa langu la kwanza katika kazi hii, na hadi leo naona aibu kulitaja, lilikuwa kuamini kwamba kila kasoro ni vumbi. Nikiona kitone, vumbi. Nikiona kipovu, vumbi. Nilifagia chumba changu pale Sirari, Tarime, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimeoa.

Kazi yenyewe nilijifundisha kwa video za watu wenye maabara, mimi nikiwa na pasi ya nguo. Natengeneza vipande vya kioo vyenye mifereji myembamba kuliko unywele. Unamwaga juu ya kioo gundi inayoitwa fotorezisti, unakizungusha kwa feni ya kompyuta mbovu ili itandae, unaioka juu ya pasi iliyogeuzwa chini juu, kisha unaifunika kwa plastiki yenye mchoro na kuipiga mwanga wa taa ya saluni, ile ya kukaushia rangi ya kucha. Palipopata mwanga panakuwa pagumu, palipokosa panaoshwa, zinabaki kuta. Halafu unaanza tabaka la pili juu ya lile la kwanza. Siku ya kwanza kuziona kuta hizo kwenye hadubini (kidude cha kuchomeka kwenye simu, msidhani kitu kikubwa) niliketi sakafuni. Zilikuwa zimesimama kama mji mzima, ndani ya kitu ninachoweza kukifunika kwa kidole gumba.

Sasa, shangazi yangu Bhoke wa Itiryo ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaomimina maziwa yao kwenye kopo moja kubwa la alumini ili yauzwe pamoja. Maziwa yakawa yanakataliwa na wanunuzi, kwa sababu ng'ombe mmoja tu mwenye ugonjwa wa kiwele anaharibu kopo zima, na minong'ono yote ikamwangukia Mama Ghati, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Akitolewa kwenye kopo, hana pa kuyapeleka.

Shangazi akanipigia simu. "Mwita, hicho kioo chako kinaweza kusema ni ng'ombe wa nani?"

"Kinaweza, shangazi," nikasema, na nilikuwa nakiamini kweli.

Nikatengeneza kioo chenye visima vidogo, kila ng'ombe na kisima chake, na kimoja cha maji matupu kwa ajili ya kulinganisha. Ukidondosha rangi, maziwa mazima yanageuka manjano, ya kiwele kibovu yanakuwa bluu. Asubuhi ya kuondoka tabaka la pili lilikuwa bado linaokwa na bodaboda niliyemwita anapiga honi nje, nikafanya uamuzi mdogo sana: nikakitoa kioo kwenye pasi ya moto nikakiweka dirishani penye upepo wa baridi ya Tarime, kikapoa mara moja, nikakifunga kwenye kitambaa, twende. Sikukiangalia kwenye hadubini, mimi ambaye huwa naangalia kila kitu mara nyingi hadi macho yanatoa machozi.

Itiryo nikakuta akina mama wamenizunguka na ndoo zao. Nikawaamkia shikamoo wote, halafu (hapa ndipo ningependa mnisamehe) nikaomba chandarua, kwa sababu ya vumbi. Nikakitundika kwenye kamba ya nguo katikati ya uwanja, nikaingia ndani na maziwa yao, nikajifunga kitenge cha shangazi kichwani ili nywele zisidondoke.

"Anataga?" mmoja akauliza, na mwingine akamwambia anyamaze, utaalamu ndivyo ulivyo.

Kisima cha Mama Ghati kikawa cha kwanza kugeuka bluu.

"Si tulisema," sauti ikatoka nyuma.

Mama Ghati akainama, akaokota ndoo yake, akaanza kuondoka. Nilimwona mgongo tu kupitia chandarua, na wakati namtazama kisima cha jirani yake nacho kikageuka, kisha cha mwenyekiti, kisha cha shangazi yangu mwenyewe, na mimi, badala ya kutoka na kusema jamani kuna kosa, nikapaza sauti kwamba ndama waondolewe, wanaleta vumbi, na yule anayefagia aache, na mlio karibu msipumue huku. Wakatii. Watu wazima wakaziba midomo kwa khanga kwa ajili yangu. Ndipo kile cha maji kikawa bluu.

Mama Wankuru, mkubwa kuliko wote pale, akasogeza uso hadi kwenye wavu. "Mura, kijana," akasema taratibu, "hata maji yana kiwele?"

Walicheka mpaka wengine wakaweka ndoo chini. Shangazi peke yake hakucheka. Alimkimbilia Mama Ghati, akamshika mkono, akamrudisha. "Njoo uone. Kijana wangu amekosea, si ng'ombe wako."

Nikatoka chandaruani na kitenge kichwani. Nikachomeka hadubini, na sote tukainamia simu. Kuta zangu zilikuwa zimepasuka, nyufa zimetambaa toka kisima hadi kisima kama tope la bwawa lililokauka, na rangi ya bluu ilikuwa inatembea ndani yake polepole, inapinda, inagawanyika. Hakuna hata chembe ya vumbi. Ule moto na ile baridi ya dirishani vilikuwa vimeivuta gundi ikachanika. Kicheko kiliisha chenyewe.

"Na hayo yote yamo humo?" Mama Ghati akauliza. Nikamwambia yamo. Akaendelea kutazama.

Niliwaomba radhi, yeye wa kwanza. Nikarudi baadaye na kioo kingine, nikapima kila chuchu peke yake, na ikawa bluu moja tu: ya nyuma, ya ng'ombe wa Mama Ghati.

"Moja?" akauliza.

"Moja tu, mama."

Wenzake wakatazamana. Mama Wankuru ndiye aliyesema, "Basi atibiwe, apone, arudi."

Siku hizi naipunguza pasi moto kidogo kidogo, na kioo kinapoa juu yake humo humo, bodaboda apige honi atakavyo. Kabla ya kutaja vumbi naangalia kwanza kwenye hadubini. Ng'ombe wa Mama Ghati alipona, na maziwa yake yanaingia kwenye kopo la wote.