Kamati Iliyoogopa Kisanduku Changu

Siku ya kwanza kazini nilifika Karurumo na kisanduku cha kusikia mfukoni mwa shati, waya umepanda hadi sikio la kushoto. Nilikuwa karani wa kamati ya mipaka, ile iliyopita shamba kwa shamba kuamua nani ana ardhi gani kabla hati hazijatolewa. Mkubwa wangu, Afisa wa Ardhi, aliukodolea macho ule waya.

"Wewe andika kile umesikia peke yake," akasema. "Maoni yako bakisha nyumbani."

Sikujua kama ananiagiza au ananipima. Hata leo sijui.

Ninyi wenye vifaa vidogo vya kujificha nyuma ya sikio hamjui tulivyohangaika. Maikrofoni ilikuwa ndani ya kisanduku, kwa hiyo nilisikia kwa kifua, na ukiniita sikujua umesimama upande gani. Sweta ikikisugua, ilikuwa kama mtu anakokota mabua ya mahindi. Upepo kwenye migomba uliwashinda wazee wote kwa kelele. Na ile plagi ya sikioni ikilegea, kifaa kilipiga mluzi na kamati nzima ikanyamaza.

Ilinyamaza kwa sababu ilidhani nawarekodi. Miaka ile watu waliyaogopa sana masikio ya serikali. Nikikaribia, wazee walianza kunong'ona wakiwa wamefunika midomo, nami nikaamini wananisema. Mara nyingi walikuwa wanaulizana habari za ng'ombe. Mara nyingine, la.

Aliyenichukia zaidi alikuwa Mwenyekiti wa kamati, mzee mrefu aliyeitikia kwa kichwa kila neno lililosemwa. Siku moja ililetwa kesi ya Wanja, mjane aliyedai kwamba shemeji yake ameng'oa mimea ya mpaka na kuipanda ndani ya shamba la huyo mjane. Afisa hakuwepo. Mwenyekiti akakataa kufungua kikao.

"Hiyo kitu inapeleka maneno yetu wapi?"

"Haipeleki popote, Mzee. Inasaidia sikio tu."

"Lete nione."

Nikakivua. Akaitia plagi sikioni, ikapiga mluzi, akaisukuma ndani, kisha akatulia. Wazee wawili nyuma yake waliendelea na mazungumzo yao, kama walivyozoea kufanya mgongoni kwake. Nikaona uso wake unabadilika. Akawageukia polepole, wakafunga midomo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hiyo Mwenyekiti alikuwa hasikii vizuri, na wenzake walijua.

Nikanyoosha mkono anirudishie. Akautazama, akaweka kisanduku mfukoni mwa koti lake, akamwashiria Wanja aanze.

Niliogopa. Bila kifaa sikusikia hata ngurumo, na karani asiyesikia angefutwa kazi jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo nilikaa na kalamu, nikijifanya naandika, nikitazama midomo ikicheza. Wanja alilia. Shemeji yake alionyesha kidole upande wa mto. Wale wazee wawili, waliosimama upande wa shemeji, walisema machache wakikwepa macho ya Mwenyekiti.

Mwishoni alinirudishia kisanduku na kunitajia maneno ya kuandika: mimea irudishwe ilikokuwa, Wanja ndiye mwenye haki. Hakuna aliyepinga. Je, alitoa haki, au aliwalipizia kisasi wale wawili kwa waliyokuwa wakisema nyuma yake? Nilishuku, na bado nashuku. Lakini chini ya kila ukurasa palikuwa na mstari uliosema karani amesikia na kuandika kwa ukweli. Nikatia sahihi.

Nilihamishiwa Manyatta, kisha Timau, ambako baridi ilimaliza betri kabla ya saa sita. Nilistaafu nikiwa karani mkuu, sina doa kwenye faili. Sasa nina kifaa kidogo alichoninunulia binti yangu, na nasikia hata vijiko jikoni. Kila Krismasi Wanja hunitumia mkungu wa ndizi. Mwaka jana aliuleta mwenyewe, akanishika mikono miwili.

"Karani," akasema, "katika wanaume wote wa siku ile, ni wewe peke yako ulinisikiza."

Nilimshukuru kwa ndizi.