Debe la Kupimia Mpunga

Fundi anaponikabidhi ufunguo, mkono wake unanuka petroli, nami narudi kimawazo kwenye lori lililokuwa likizima kila mara nje ya Kiberege. Juu ya magunia mama yangu alikuwa na uchungu wa kujifungua, mimi na bibi tukiwa kando yake, na hospitali ya misheni ilikuwa mbali, Ifakara. Dereva kila alipoinua mguu kwenye pedali ya mafuta ili avuke tope taratibu, injini ilizima.

"Baba, huyu atazalia hapa," bibi alimwambia dereva.

"Ikikimbia inavuta, ikipumzika inakufa. Kuna uchafu kwenye kabureta. Bibi, lile debe ulilonipa nitilie petroli, la nini?"

"Nililikung'uta vizuri."

"La nini?"

"La kupimia mpunga."

Dereva akafungua kabureta, akapuliza kitundu chake kidogo kwa mdomo. Pumba ikamrukia kwenye ndevu. Mama, katikati ya maumivu, akacheka.

Hendeli ya kuwashia ikazungushwa. Injini ikanguruma chinichini, bila mguu wa mtu juu ya mafuta.

"Sikilizeni," dereva akanong'ona, "inapumua yenyewe."

Kule Ifakara, mtawa alipotoka kutuambia ni msichana, lori lilikuwa bado linanguruma langoni. Dereva aliogopa kulizima.