Njaa Ambayo Haijafika

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa moja kasoro asubuhi, lango la shule limefunguliwa nusu, naye anapenya ubavu ubavu: kamba iliyoviringwa begani, ndoo yenye brashi tatu mkononi, bakuli la chakula limebanwa kwapani. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, buti za mpira mpaka magotini, kilemba kimekazwa hadi nyusi zimepanda. Anamsalimia kila mtu, hata mlinzi anayejifanya hasikii. Wenzake wanamwita Sindano.

Jina hilo alipewa miaka kumi na minne iliyopita, alipoanza kazi ya kuosha matangi ya maji. Siku hizo hapakuwa na tundu lililomshinda. Wanaume wa timu walikuwa wakivua shati, wakivuta pumzi, wakisali kidogo. Yeye aliingiza miguu, mara kiuno, mara hayupo. Kule ndani, taa kichwani, alikuwa akipapasa ukuta kwa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto, na ufa mwembamba kama unywele ukipita chini ya vidole vyake anausema palepale. Kusugua anaweza kila mtu. Kuuona ufa kwa mkono, si kila mtu.

Sasa sikia ya asubuhi hiyo. Tangi la shule liko juu ya paa la bweni. Ni la zege, na tundu lake la kuingilia ni la mraba, dogo kuliko yote wanayoyaosha. Sindano aliingiza miguu, magoti, mapaja. Kisha akasimama. Akajipinda kushoto, akajipinda kulia. Akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo. Nyonga zikakataa.

"Bosi," aliita yule mwanamume anayeshika kamba huku nje, ambaye kwa kazi hiyohiyo wanamwita Kamba, "leo tumepata kizibo!"

Watu wakacheka. Sindano naye akacheka, maana ukikwama kwenye tundu huna pa kukimbilia. Lakini walipomshika makwapa wakamchomoa, msimamizi hakucheka.

"Tangi hili tunalirudia baada ya miezi sita," alisema. "Ukipita, umepita. Usipopita, nitakuweka kwenye pampu, huku juu. Sikufukuzi."

Kwa mwingine hiyo ingekuwa bahati: kukaa kivulini, kuwasha mashine na kuizima. Kwa Sindano ilikuwa kama kumwambia mwalimu awaache wanafunzi, abaki akigonga kengele.

Alichofanya kwanza ndicho ambacho wengi wetu tungefanya: alifunga mdomo. Chai ya asubuhi, hapana. Mchana, maji matupu. Jioni akifika nyumbani anamkuta mumewe, fundi viatu ambaye hufanya kazi barazani na kwa hiyo ndiye mpishi, ameshaivisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sahani ya kwanza hakuijua ilipopita. Ya pili aliionja. Ya tatu haikuwa sahani, ilikuwa sufuria yenyewe, amesimama jikoni anakwangua ukoko kwa kijiko. Wiki tatu zilipita hivyo, na mkanda wake ukabaki kwenye tobo lilelile.

Halafu siku moja, akiwa katikati ya ngazi ya tangi la zahanati, mguu ukakosa kipandio. Kamba akaihisi kamba ikicheza mkononi mwake. Akamvuta.

"Dada, hujala leo."

"Niko kwenye mpango."

"Mpango wa kunifanya nivute maiti?" Alimpa chupa ya maji, akakaa juu ya mfuniko. "Nikwambie kitu, hutaninunia?"

"We sema. Nitanuna baadaye."

"Kazi yangu mimi ni kukaa juu na kutazama. Nimekutazama ukila miaka tisa. Bakuli zima, dakika sita, umesimama. Na unapokula huna njaa."

"Nani kakwambia sina njaa?"

"Saa moja na nusu asubuhi, umetoka kunywa chai na mkate kwako, njaa itoke wapi? Wewe unakula njaa ya saa saba mchana. Haijafika bado, umeshaitangulia njiani."

Hapa inabidi nikueleze desturi yao. Wale watu wakishaingia tangini hawatoki mpaka kazi iishe. Kutoka katikati maana yake ni kuvua buti, kuosha klorini mikononi, kisha kufungwa kamba upya, na nusu saa imekwenda. Basi tangu zamani kila mmoja hula bakuli lake la mchana kabla ya kushuka. Wanaita kushindilia. Unashindilia ili njaa ikija ikute mlango umefungwa. Ukifanya hivyo miaka kumi na minne, mwili hauulizi tena kama kuna tangi. Sindano alikuwa anashindilia hata siku ya mapumziko, akiwa amekaa sebuleni, miguu juu ya stuli.

Alinuna siku mbili, kama alivyoahidi. Siku ya tatu akaanza kunywa chai tena asubuhi, tena ameketi. Na jioni akamwambia mumewe:

"Baba watoto, leo nipakulie kwenye ile sahani ndogo."

Mwiko ukasimama hewani. "Chumvi imezidi?"

"Haijazidi."

"Basi kuna mtu kakusema."

"Tundu limenisema."

"Mama watoto, unafanya kazi ya wanaume wawili, halafu nikupe chakula cha kuku? Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

"Mla jana ndiye huyu aliyekwama," Sindano akajibu. "Pakua."

Mzee wa watu alipakua, lakini kwa uso wa mtu aliyerudishiwa zawadi. Kwake yeye, kuujaza mlima ule wa wali ndiko kulikuwa kumwambia mkewe pole na kazi. Ilichukua majuma kadhaa kabla hajazoea, na kilichomzoesha ni kitu kidogo. Sindano alikuwa amejiwekea sharti kwamba sufuria ibaki jikoni, isije mezani, na akitaka nyongeza kwanza amsimulie mumewe jambo moja la kazini tangu mwanzo hadi mwisho. Kijiko chini, mdomo unasimulia. Mara ni panya aliyekutwa juu ya mfuniko, mara ni kiatu cha mtoto kilichozama, na hakuna ajuaye kilipandaje orofa ya nne. Zamani walikula kimya wakisikiliza redio. Sasa hadithi ikiisha, mara nyingi ile hamu ya nyongeza imeshajiondokea bila kuaga. Ikibaki, anaongeza, na wala hajilaumu.

Usidhani mambo yalinyooka. Kulikuwa na wiki ya mvua, kazi hakuna, akashinda ndani. Siku mbili alikula mkate tangu adhuhuri mpaka magharibi, vipande kwa vipande, si kwa njaa ila kwa sababu mkate ulikuwa pale na yeye yuko pale. Zamani angejiadhibu kwa kufunga kesho yake, jioni akaikwangua sufuria. Safari hii kesho yake alikunywa chai kama kawaida, akauhamishia mkate kabati la juu kabisa, akatoka barazani kumsaidia mumewe kupaka gundi soli.

Kikabaki kitu kimoja tu, nacho ndicho kigumu: bakuli la saa moja na nusu. Akamfuata msimamizi.

"Bosi, nataka nitoke mchana nile, halafu nirudi ndani."

"Nusu saa nzima?"

"Nitaanza kazi mapema kwa nusu saa."

"Nani anakula mchana ananuka klorini?"

"Mimi."

Msimamizi akamtazama. "Haya. Lakini sikiliza. Siku ya tangi la shule, ukitoka ukala, ukashindwa kurudi, mjadala umekwisha. Ni pampu."

Siku ikafika. Wenzake wakashindilia, yeye bakuli lake akaliacha limefunikwa kivulini. Akaingiza miguu, magoti, mapaja. Nyonga zikagusa zege pande zote mbili, kifungo cha suruali kikakwaruza, kisha akashuka. Kamba alipiga kofi moja tu, hakutaka kumletea nuksi.

Saa saba akatoka. Akavua buti, akaosha mikono kwa sabuni mara mbili, akageuza ndoo akaikalia. Njaa ilikuwa imekuja kweli, ile yenyewe, yenye sauti. Akala. Kijiko chini, neno moja na Kamba, kijiko juu.

"Dada, tundu linakutazama," Kamba akanong'ona.

"Acha litazame, halijaalikwa."

Bakuli lilipobaki robo hivi, akalifunika.

"Umeshiba?"

"Sijui kama nimeshiba. Njaa imeondoka, basi."

Akafungwa kamba, akarudi tunduni. Mapaja yakapita. Nyonga zikasimama. Akajipinda kidogo, bega moja chini, akatoa pumzi, na zege likamwachia. Sekunde chache baadaye brashi ikasikika ikisugua kule chini.

Msimamizi akaiangalia saa yake: nusu saa, hata dakika haikuzidi. Akaandika kwenye ratiba kwamba Sindano ni wa ndani, kama zamani. Kisha macho yake yakaangukia bakuli lake mwenyewe, lililokuwa tupu tangu saa moja na nusu asubuhi, na ambalo alilimaliza amesimama, kama wengine wote. Yeye huyo haingii tangini. Ana miaka minane hajaingia.

Na wewe ndugu yangu unayenisikiliza, ile sahani ya jana uliyoimaliza mpaka mkanda ukaulegeza, kwani kulikuwa na tangi gani la kushuka?