Sophia anatafuta dakika kumi na nne mbele ya mtaa wake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, majani ya kando ya barabara ya vumbi ya Sekei bado yana umande. Sophia Msafiri anafunga kamba za raba zake kwa mara ya pili. Ni raba nyeupe za mtumba, ya kushoto imeshonwa kwenye kidole kwa uzi mweusi. Hatua chache kutoka kwake amesimama Aminiel, mwanajeshi mstaafu, saa ya mkononi ameisogeza karibu na jicho.

"Mama Salha, tayari?"

Sophia anaitikia kwa kichwa tu, kisha anaondoka.

Keshokutwa, Ijumaa, atakimbia njia hii hii kwa mtihani. Ni kilomita mbili, na amepewa dakika kumi na nne. Akizidisha, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na saba imekwisha.

Sophia, mwenye umri wa miaka 43, ni mkaguzi wa wanawake kwenye geti la kiwanda kimoja mjini Arusha. Wafanyakazi wa kike wakitoka jioni, yeye ndiye anayepapasa mifuko yao na mikunjo ya kanga zao. Mwaka jana, 1996, serikali iliuza kiwanda hicho. Mwenye kiwanda mpya akaikabidhi kazi ya ulinzi kwa kampuni binafsi, na kampuni ikabandika tangazo getini: kila mlinzi lazima awe fiti.

"Tulicheka," anakumbuka Sophia. "Wenzangu wakaniambia, wewe huna wasiwasi, kwa ufiti nani atakushinda?"

Wakati huo alikuwa na kilo 91, mashavu yamejaa, shingo ina mikunjo miwili ya kupendeza. Mtaani kwake mtu wa namna hiyo ndiye anayesemwa kuwa yuko fiti. Maana yake anakula, analala, haumwi.

Aminiel, ambaye kampuni imemwajiri kuwapa walinzi mazoezi, aliwaeleza vingine. Ufiti, aliwaambia, uko kwenye moyo. Ukishakimbia unakaa chini, unashika mkono wako kwenye kifundo, unahesabu mapigo. Yakirudi upesi mahali pake, uko fiti, uwe mnene au mwembamba. Siku hiyo ya kwanza Sophia alitumia dakika kumi na tisa, kisha akatapika kwenye mtaro.

Mshahara wake ni shilingi 42,000 kwa mwezi. Mumewe, Abdulsalam, hutengeneza baiskeli, na siku za mvua kazi yake husimama. Binti yao, Salha, yuko kidato cha pili. Basi Sophia akaanza kukimbia kila asubuhi, na mezani akaacha kuongeza ugali. Kwa miezi mitatu akapungua kilo kumi na tatu.

Hapo ndipo lilipozuka jingine. Siku hizi mtu akikonda ghafla, mtaa hauulizi anafanya mazoezi gani. Jirani aliyezoea kuazima kikombe chake aliacha kuazima. Asubuhi moja, kwenye foleni ya bomba, mwanamke mmoja alisogeza ndoo yake taratibu isigusane na ya Sophia.

Habari zikafika Kondoa, kwa wakwe zake. Twahira, dada mkubwa wa Abdulsalam, alipanda basi bila kuitwa, akaja na chupa ya asali. Siku mbili alikaa akimtazama wifi yake anavyokula. Siku ya tatu akafunga mlango.

"Wifi, kama ni ugonjwa huu, tuambie. Na mdogo wangu naye apimwe."

"Ni mbio, wifi."

"Mbio gani za kumla mtu mashavu?"

Sophia anasema hakukasirika. Ila tangu siku hiyo alianza kujazia. Ndani ya traksuti alijifunga kanga mbili nene kiunoni, na juu akavaa sweta la mumewe, ili mtaa umwone kama alivyokuwa zamani. Dakika zilizokuwa zimeshuka hadi kumi na nne na kidogo zikapanda tena kumi na tano, kumi na tano na nusu. Aminiel alishindwa kuelewa.

Juzi Jumatatu alimwona amemaliza mbio jasho likimdondoka viwikoni, akamwuliza amevaa nini. Sophia alikwenda nyuma ya ukuta, akavua, akarudi na furushi linalochuruzika. Aminiel akalipima kwa mkono.

"Mama Salha, hizi ni kilo tatu unazitembeza. Mtihani wako anausimamia nani, kampuni au wale wa bombani?"

Sophia alizipeleka zile nguo nyumbani akazianika. Twahira, aliyekuwa bado hajarudi kwao, alipoziona kwenye kamba akauliza, akaelezwa yote, tangu tangazo la getini hadi ile ndoo iliyosogezwa. Tangu jana, anayekwenda kuchota maji ni yeye, na inasemekana hukaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Njia ya mtihani kampuni iliichagua kwa kuwa ofisi yake iko mwanzoni mwake. Haikujua kwamba inapita mbele ya bomba hilo.

Leo Sophia amekimbia bila kujazia kitu. Traksuti inampwaya mapajani, na kila mtu aliyeamka ameliona hilo. Anapovuka mstari, Aminiel anaitazama saa mara mbili kabla ya kusema: dakika kumi na nne na sekunde tano.

Sophia anaketi kwenye jiwe, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, midomo ikihesabu bila sauti. Mapigo yanarudi upesi. Zimebaki sekunde tano za kupunguza, na siku mbili.

Anaulizwa sekunde hizo atazipata wapi.

"Najua zilipo," anasema. "Nikifika bombani huwa napunguza mwendo na kufunga mdomo, wasinione nahema wakasema pumzi imekwisha. Ijumaa sipunguzi. Nitapita pale mdomo wazi, nahema hivyo hivyo."