Mjusi Niliyemtupa Kabla Mama Furaha Hajafika

Nilijua. Kwa muda mrefu nimekana, hata mume wa Mama Furaha nilimwambia, nikimtazama machoni, kwamba sikujua. Lakini nilijua, na tangu siku ile naogopa hata kuinama kufunga kiatu.

Mama Furaha na mimi tulifuga mabuu wa nzi katika kijiji kimoja kwenye njia ya kwenda mji wa Sake. Tulikusanya maganda ya ndizi na mabaki ya chakula, mabuu wakala, wakanenepa, tukawauzia wafuga kuku. Mimi, mtu wa universite, nilileta wazo na jina refu la mradi. Kazi aliifanya yeye.

Majirani walichoka na harufu. Tukahamishia mabeseni ya mabuu kwenye shimo katikati ya mawe ya volkano, penye joto, pasipo na upepo.

"Madamu, hapa hakuna mazuku?" aliniuliza.

Kwetu kila mtoto anayajua mazuku: hewa mbaya itokayo ardhini, haina rangi, inalala mashimoni na kumuua anayeinama humo.

"Mazuku iue watu, iache vidudu?" nikamjibu. "Tazama, mabuu wetu wazima."

Akacheka. "Sawa. Ni weye ulisoma."

Asubuhi moja nilitangulia kufika. Mabuu walikuwa wamelegea. Kando ya beseni palikuwa na mjusi aliyekufa, na ndege mdogo karibu naye. Niliposhuka pumzi ilinikatika, nikaulaumu unene wangu. Uongo mtupu. Mwili mzima ulikuwa umeshaelewa. Lakini mteja alikuwa anangoja, na kuhama tena kungetuharibia kizazi kizima cha mabuu. Nikawatupa mjusi na ndege nyuma ya mawe.

Mama Furaha akaja na ndoo yake.

"Mbona vimelala hivi?"

"Ni baridi ya usiku," nikasema.

Akashuka, akainama kuchota. Hakuita. Alipiga magoti kama mtu anayesali, kisha akalala juu ya maganda.

Sikushuka. Nilisimama ukingoni nikipiga kelele hadi wanaume wawili waliokuwa wakiponda mawe karibu walipokuja, wakabana pumzi, wakamvuta kwa miguu.

Hospitalini mume wake aliniuliza, "Haukuona kitu, Madamu?"

"Sikuona."

Mama Furaha alilazwa wiki nyingi. Sikurudi kumwona. Kila simu ilipoita, nilidhani ni msiba.

Wewe unayetaka kuanza kazi hii, ianze. Ni kazi nzuri. Ila weka mabeseni juu, penye upepo, na ukiona dalili mbaya mwite mwenzako aione, hata kama mtapoteza kila kitu.

Jana simu iliita. Namba ya mume wake, lakini sauti ilikuwa ya Mama Furaha, nyembamba, inakwaruza.

"Madamu, bwana yangu anasema ulijua. Mimi ninamukatalia. Ninakosea?"

"Unakosea," nikasema. "Nilijua."

Nikamsikia akivuta pumzi, polepole, kwa shida.

"Basi usikuje kwangu tena," akasema, akakata.