Hapa si Makka

Kwa miezi mingi bibi ninayemuuguza Riyadh alikuwa na ombi moja tu: apelekwe Umra kabla akili haijamtoka yote. "Nipelekeni kwenye Nyumba ya Mola wangu nikiwa bado naijua," alikuwa akisema. Sisi watumishi tulimwita Mama Kabira, kama wanavyoitwa wazee wa kike katika nyumba za huku. Kila asubuhi alivaa abaya akaketi karibu na mlango, mkoba mapajani. Ikifika saa nne nilimvua viatu nikamwambia leo siyo siku yake.

Mwanawe tulimwita Baba, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Si mtu mbaya. Likizo ya watoto ilipofika aliamua kuipeleka familia Japani kutazama maua ya majira ya machipuko, na ndege ya kurudi itue Jeddah ili mama yake afanye Umra. Lakini siku ya kuondoka bibi alikataa kutoka chumbani. Baba akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Yalla, mama. Tunakwenda Umra."

Bibi akasimama papo hapo. Nilisikia, nikamvisha viatu. Nilijiambia kwamba si uongo, ila ni ukweli uliotangulizwa.

Siku ya tatu tulikodiwa gari la kutuzungusha kutwa nzima katika mahekalu ya kale ya Kyoto. Nilisomesha chuo cha Kurani Unguja miaka mingi kabla ya kuja huku, na najua wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kuingia nyumba za ibada za watu wa dini nyingine. Nilitia nia nikae nje na bibi na kiti chake cha magurudumu. Mwenzangu, mama wa Kikamba anayelea watoto, ni Mkristo, naye hakuwa na raha.

"Shosh," aliniambia, maana ndivyo wanavyomwita mama mzee kama mimi kwao, "mimi hapa siinamii mtu. Hata nikivua viatu, navulia sakafu yao, si mungu wao."

"Basi vua kimya kimya," nikamwambia.

Hekalu la kwanza lilikuwa la mbao nyeusi kwa uzee. Uani palikuwa na chetezo kikubwa kuliko sufuria ya harusi, watu wakijipepea moshi wake vifuani. Bibi alikuwa amesinzia. Akainua kichwa, akavuta pumzi.

"Udi," alisema. Na kweli ulikuwa udi. "Tumefika?"

"Bado, Mama."

Sikufikiri. Lilikuwa jibu la kumtuliza tu, kama unavyomjibu mtoto njiani.

Baada ya adhuhuri tukapelekwa kwenye hekalu la pili, lenye lango jekundu na njia ya kokoto iliyofurika watu. Maua meupe yalikuwa yakidondoka juu ya kila kichwa. Makasisi wao walipita wamevaa nguo nyeupe. Kando ya njia palikuwa na birika la mawe lenye maji yanayotiririka, na watu wakitawadha, au hivyo ndivyo ilivyoonekana. Bibi aliondoka kwenye kiti bila kushikwa. Miezi sita hakuwahi kutembea hivyo. Alikwenda wima, sauti yake nyembamba ikitoa wito wa mahujaji, "Labbayka Allahumma labbayk."

"Mnyamazishe," madam, mke wa Baba, aliniambia huku ameuma meno. "Watu wanatazama."

Bibi alikwishakunja mikono ya abaya. Akatwaa kata ya mwanzi, akasukutua, akaosha uso, akaosha mikono hadi viwikoni, akapaka kichwa maji, kwa mpango, hakukosea hata kimoja. Kisha akainua mguu autie birikani. Wenyewe pale huosha viganja na kinywa tu. Nikaudaka mguu hewani. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia maua aliegemeza ufagio, akatupa ishara tusogee pembeni penye mawe. Akachota maji, yeye mwenyewe akammiminia bibi miguuni, polepole, wa kulia kwanza. Nilimwombea kwa Mungu malipo, nami sijui mtu kama yule huombewa vipi.

Bibi akageukia jengo. Watu mbele yetu waliinama mara mbili, wakapiga makofi mara mbili. Yeye akanyanyua mikono kuhirimia sala. Nikatazama simu yangu: kibla kilikuwa nyuma yetu kabisa. Nikamshika mabega, nikamgeuza.

Akanikazia mwili. "Unanigeuza niipe mgongo Nyumba ya Mungu?"

Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya mwenye nyumba.

Ningeweza kusema hapa pana msongamano, twende kule tukasali. Ningeweza kusema keti kwanza upumzike. Nilisema, "Mama, hapa si Makka."

Akatazama paa, akatazama maua, akatazama miguu yake iliyolowa. "Si Makka?"

"Si Makka. Tuko Japani."

Akaketi juu ya kokoto akalia bila sauti. Baba alikuja mbio na simu yake ya kupigia picha mkononi.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli, Baba."

"Nani alikuuliza ukweli?"

Garini mwenzangu alinisogelea. "Si ungemwacha tu, Shosh? Alikuwa na furaha, masikini."

"Nimwache asujudie nini?"

"Mungu hajui alikuwa anamwita nani?"

Yeye hakusoma chuo, na mimi niliyesoma nilijua zaidi yake: mtu aliyeondokewa na akili kalamu imenyanyuliwa juu yake, haandikiwi dhambi. Nimewafundisha watoto hayo, wakayahifadhi. Angesujudu pale asingeandikiwa kitu. Basi nilimgeuza kwa ajili ya nani? Najiuliza hadi leo, na kila nikijijibu kwamba ni kwa ajili yake, naona jibu halikai sawa. Niliogopa kuonekana, mimi mwalimu, nimesimama pale ninamtazama.

Tukatua Jeddah. Tulipangishiwa nyumba mtaa wa Ruwais, karibu na bahari, na asubuhi ya pili, mwenzangu akibaki huko na watoto, tukaenda Makka. Mimi ndiye niliyesukuma kiti. Pazia jeusi la Al-Kaaba lilipojitokeza kati ya nguzo, nilishukuru, nikainama sikioni mwake.

"Mama, tazama. Tumefika."

Alitazama sana. Mimi nikangoja machozi yake.

"Hapa si Makka," alisema. "Wewe mwenyewe uliniambia."

Tukazunguka mara saba. Nilimsomea dua, naye akaitazama miguu yake njia nzima. Baba alitembea kando yetu akilia, hakunitazama.

Sasa tumerudi Riyadh. Namshukuru Mungu, afya yake si mbaya, na kazi sikufukuzwa. Asubuhi bado anavaa abaya na kuketi karibu na mlango na mkoba wake. Namtawadhisha palepale kwenye beseni, na maji namimina polepole kama yule mzee, wa kulia kwanza.

"Lini?" ananiuliza.

"Tumeshakwenda, Mama. Mola apokee."

Ananipigapiga mkono na kutabasamu kidogo, kama mtu anayemsamehe mwongo.